Mbwa Ndani ya Darubini

Usiku ule tulikuwa wanne ndani ya gari, na wa tano tulimtambua tukiwa tumekwisha kuchelewa. Alikuwepo mwenye shamba, mama Mzungu wa Kiburu ambaye sote tunamwita Tannie, kama watu wa huku wanavyomwita mama mtu mzima. Yeye ndiye aliyeshika usukani. Kando yake alikuwepo mzee wa bunduki, fundi bomba mstaafu mwenye leseni ya silaha na maneno machache. Nyuma, penye kubebea mizigo, alikuwepo msimamizi wa shamba, Mkongo wa Uvira, amejifunga blanketi mpaka puani. Nilikuwepo mimi, mtazamaji. Na ng'ambo ya uzio alikuwepo mbwa wa babu jirani, ambaye kwa makubaliano yetu alitakiwa awe amefungwa.

Shamba liko kaskazini ya Diepsloot, viungani mwa Johannesburg, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka chumba tunachopanga nyuma ya spaza, duka dogo la mtaani. Tunalima spinachi na kabeji, na kuna kuku wa mayai. Sungura hula miche. Wakiingia usiku mmoja kwenye tuta jipya, asubuhi unakuta vijiti vimesimama kama njiti za kiberiti. Mbweha huchukua kuku, na wakati wa baridi kali ardhi inapokauka hutafuna mipira ya kumwagilia maji kwa matone, kwa sababu ya kiu. Tannie alikwisha jaribu sumu akaiacha, ilipoua bundi. Akajaribu redio iliyowashwa usiku kucha shambani. Msimamizi alisema mbweha walikuwa wakija kusikiliza mpira. Mwishowe akanunua darubini.

Mchana nafunga spinachi mafungu. Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi nilikuwa natazama. Nieleze maana yake kwetu. Mama yetu alipofariki tulikuwa tunakaa Joubert Park, katikati ya jiji, ghorofa ya saba, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na baba alikwisha tangulia tukiwa bado Burundi. Mimi nilikuwa darasa la tisa. Niliacha shule wiki ya pili baada ya mazishi, kwa kuwa wadogo zangu wawili walikuwa na njaa na mimi ndiye niliyekuwa na urefu wa kufanana na mtu mzima. Tukahamia Diepsloot, kodi ni nafuu. Ujira wa mchana tunaula. Ujira wa usiku ndio uliokuwa unasoma: nauli ya teksi, ndizo daladala za huku, ya mdogo wangu wa kiume, ambaye yuko mwaka wa mwisho, na sare na vitabu vya binti anayemfuata. Nikikosa gari la usiku, mmoja wao anakosa kitu.

Darubini ziko mbili za aina mbili, na watu huzichanganya. Ile ya bunduki ni ya kuona gizani. Ina taa yake ambayo jicho letu haliioni, na ndani yake dunia yote ni ya kijani, macho ya wanyama yanang'aa kama shilingi mpya. Yangu ni ya mkononi, ya joto. Haihitaji mwanga wowote. Inaonyesha kila chenye joto kwa weupe na kila kilicho baridi kwa weusi. Kazi yangu ni kusimama nyuma ya gari nimeegemea paa, kuzungusha darubini polepole kutoka kwenye tangi la maji mpaka kwenye nguzo za umeme, na kusema kuna nini na kiko wapi. Kisha mzee wa bunduki anatafuta kwa ya kwake, anathibitisha, anapiga.

Kwanza kazi hii alipewa msimamizi. Alikaa nayo siku tatu. Mawe huhifadhi jua mpaka saa tatu usiku, na vichuguu hata zaidi, kwa hiyo yeye aliona sungura shamba zima. Mzee wa bunduki alipiga kichuguu kimoja mara mbili. Ndipo Tannie akauliza nani kati yetu ana subira, na wanawake wa kwenye meza ya spinachi wakaninyooshea kidole.

Nilijifunza haraka. Kondoo haonekani mzima, sufu inazuia joto, unaona uso na miguu tu, kama viatu vinavyotembea na kinyago. Sungura ni tone la maziwa lenye masikio. Nungunungu ni mviringo wenye kingo zilizofifia. Mbweha ana miguu myembamba, masikio makubwa, na mkia anaubeba chini. Mbwa huubeba mkia juu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaeleza wengine kwa kujiamini.

Sasa makubaliano. Babu jirani ana kondoo wake kwenye kipande cha ardhi kati ya uzio wetu na nyaya kubwa za umeme. Ana simu ya vitufe ambayo aghalabu haina chaji, na hayumo kwenye kundi la WhatsApp ambamo wenye mashamba huarifiana kabla ya kupiga bunduki. Kwa hiyo, miaka kabla yangu, yeye na Tannie walipatana: siku ya kuwinda, jua likiwa bado halijazama, ndoo nyekundu itatundikwa kwenye nguzo ya geti letu. Zizi lake liko mwinukoni, analiona geti. Akiiona ndoo anamfunga mbwa. Asipoiona anamwachia mbwa alinde. Kuitundika ndoo ilikuwa kazi yangu.

Ijumaa ile bomba lilikuwa kavu siku ya pili. Si jambo la ajabu, Johannesburg siku hizi maji hukatika kama umeme ulivyokuwa ukikatika. Saa kumi alasiri lori la maji lilisimama barabarani, tukakimbia na kila chombo: madumu, beseni, sufuria ya chai. Mimi nilichukua ndoo nyekundu. Spinachi iliyofungwa ilikuwa ikisubiri kuoshwa kabla ya mnunuzi kufika, na chombo ni chombo. Niliijaza, nikaibeba kichwani, nikaiweka chini ya meza. Mnunuzi akaja, tukapakia, tukabishana naye kuhusu mafungu aliyosema membamba. Jua likazama. Ndoo ilikuwa bado chini ya meza, imejaa maji.

Tulitoka saa mbili usiku. Wiki mbili mfululizo hatukuwa tumempata mbweha hata mmoja, na kuku kumi na mmoja walikwisha kwenda.

"Dada, leo ukose tena," alisema msimamizi, "Tannie atatuma sisi wawili tulale mu banda ya kuku."

"Wewe watakuacha," nikamjibu. "Mbweha akikusikia unakoroma atahama mkoa."

Tuliua sungura wanne kwenye tuta la miche. Ilipokaribia saa nne tukasimama karibu na uzio wa juu. Nikazungusha. Tangi, banda, mti mkavu, kichuguu, na ng'ambo ya uzio kitu cheupe kinakwenda chini chini. Miguu myembamba. Masikio yamesimama. Mkia chini.

Nilihesabu mpaka tano, kama nilivyofundishwa, nikingoja ageuke. Hakugeuka. Aliingia kwetu kupitia palipobonyea, akasimama.

"Mbweha," nikasema. "Upande wa kulia wa kichuguu. Mmoja."

Mzee wa bunduki alitafuta. Aliona macho mawili yanang'aa. Macho ya mbwa na ya mbweha hung'aa sawasawa. Akapiga. Ndani ya darubini yangu ule weupe ulianguka, na kando yake tone dogo la maziwa likaruka likakimbia. Sungura. Alikuwa akimnyatia sungura.

Nilijua kabla hatujafika. Mbwa wa huku, wale wembamba wa rangi ya nyasi waliokuwepo kabla ya mbwa wa madukani, wana masikio yaliyosimama na umbo la mbweha. Huyu alikuwa na kamba ya katani shingoni, imefungwa fundo la mikono ya mzee.

Mzee wa bunduki akasema mbwa anayezurura usiku wa kuwinda amejitakia, na kwamba kuna koleo ndani ya gari.

"Ndoo ilikuwepo?" aliuliza Tannie.

Nilisema, "Haikuwepo. Niliteka maji."

Alinimulika usoni kwa tochi, akaizima. "Mzike," akamwambia msimamizi. "Tutazungumza kesho."

Msimamizi alishuka na koleo. Alipiga ardhi mara moja, ikagonga kama saruji kwa ukavu. Nikamshika mkono.

"Kaka, usichimbe. Nitampelekea mwenyewe."

"Dada, acha ule muzee alale. Asubuyi ataita imbwa yake, haitakuya, atasema imekwenda kutafuta bibi. Imbwa zinaendaka."

"Na mimi nitamsalimia vipi kila siku pale getini?"

"Utasema shikamoo, kama siku zote." Lakini aliliweka koleo chini. "We unapenda matatizo. Haya, shika miguu ya nyuma."

Tulimfunika gunia, tukamlaza kibandani penye mbolea. Nilifika nyumbani saa saba usiku. Wadogo zangu walikuwa macho, kijana kwenye vitabu, binti kwenye simu. Nikawaeleza. Binti anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kizulu, na akikasirika kwa Kiingereza. Alisema mzee wa bunduki ndiye aliyepiga, si mimi. Kaka yake aliuliza jambo moja tu.

"Watakutoa kwenye gari?"

"Huenda."

"Bado miezi mitatu nimalize."

"Najua."

Akasema, "Ningekuwa mimi ningemzika." Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa akinieleza hesabu, kwa sababu yeye ndiye mwenye hesabu nyumbani. Mama hakutuachia kitu cha kurithi, lakini alituachia namna ya kusimama mbele za watu, na mimi ndiye niliyeishi nayo muda mrefu zaidi ya hao wawili.

Asubuhi nilimpakia mbwa kwenye toroli nikapanda mwinuko. Gurudumu lilikuwa linalia njia nzima. Babu alikuwa nje ya kibanda chake cha mabati, akikoroga uji. Namwita Mkhulu, ndiyo babu kwa Kizulu, na Kizulu changu ni cha sokoni, kinatosha kuuza na kuomba msamaha.

"Mkhulu, nimekuja na neno baya."

"Neno baya halisemwi mtu amesimama. Kaa."

Nilikaa juu ya kreti. Nikamwambia lote kwa mpangilio: maji, ndoo, mkia chini, sauti yangu iliyosema mbweha. Aliendelea kukoroga. Uji ulianza kuungua, naye akaendelea kukoroga.

"Nilitazama getini mara mbili," akasema. "Nikasema, leo wamekosa risasi."

"Nisamehe, Mkhulu."

"Mkia wake ulikuwa chini?"

"Chini kabisa."

"Alikuwa akinyatia. Sungura alimpenda kuliko nyama ya dukani." Akainuka, akafunua gunia, akatazama, akafunika. "Kumbe amefia kazini."

Nikasema nitamtafutia mbwa mwingine.

"Mbwa hatafutwi, binti. Utaletewa mbwa, unalea mlinzi. Kuna mtu wangu atanipa mtoto akiacha kunyonya. Mpaka awe na meno na akili ni baridi ijayo. Mimi nina kondoo kumi na tisa, wanane wana mimba. Nani atabweka hapa mpaka wakati huo?"

Sijui nilifikiri nini. Nikasema, "Mimi."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani.

"Haya, bweka nisikie."

"Mkhulu?"

"Umesema wewe. Bweka."

Nilibweka. Nina miaka ishirini na saba, ni mlezi wa familia, nimekaa juu ya kreti ya nyanya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ninabweka. Kondoo mmoja aliinua kichwa, akaendelea kutafuna.

"Eish," akasema babu, na kwa mara ya kwanza macho yake yakawa na maji, sijui ni ya kicheko au ya nini. "Mbweha watanimaliza."

Nilishuka moja kwa moja kwa Tannie. Alikuwa jikoni na karatasi zake. Nilimweleza yote, hata ahadi ya kubweka. Hakukasirika kwamba nimemwambia babu. Alisema mwenyewe alikuwa akijipanga kwenda. Alikasirikia ndoo. Mtu akikosea kuona, alisema, darubini ina lawama yake na giza lina yake. Lakini ndoo ni kazi ya mkono tu, na mkono wangu ulisahau. Aliyepigwa angeweza kuwa babu mwenyewe, anafuata mbwa wake gizani, ameinama. Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikaa chini bila kukaribishwa.

"Utabaki kwenye spinachi," akasema. "Kwenye gari hutapanda mpaka yule mzee aniambie kwa mdomo wake kwamba mmemalizana. Si wewe uniambie. Yeye."

Kisha akafungua kabati, akatoa darubini ya joto ya zamani, ile ndogo yenye ufa kwenye kioo cha jicho, akaiweka mezani. "Kama utakuwa mbwa, uwe mbwa anayeona."

Ndivyo ilivyokuwa. Msimamizi wakampa tena darubini yangu, na vichuguu vikarudi mashakani. Mimi kila Ijumaa na Jumamosi, muda ule ule niliokuwa nalipwa, nikawa nakaa zizini kwa babu na bati tupu la rangi na nondo, ili yeye apate kulala siku mbili kati ya saba. Siku tano zilizobaki alikesha mwenyewe. Sina bunduki. Nikiona miguu myembamba inakuja nagonga bati, napiga kelele, nakimbia kuelekea kule iliko. Mbweha husimama kwanza, anatazama ni mnyama gani huyu, kisha anaondoka bila haraka.

Sasa namngoja kila mnyama ageuke ubavu. Nimengoja mpaka machozi yakaganda. Mara moja nilimngoja dakika nzima, akawa paka.

Nyumbani tulibana. Teksi ilikuwa ya kwanza kukatwa. Mdogo wangu akawa anatoka saa kumi na moja asubuhi kwenda shule kwa miguu, anavuka barabara kubwa penye robot mbili, taa za kuongozea magari, na jioni anapanga mizigo kwenye spaza ya mwenye nyumba. Hakunilaumu hata siku moja. Siku nyingine nilitamani anilaumu. Mtihani wa majaribio alishuka alama katika somo la fizikia, akaficha karatasi chini ya godoro langu badala ya lake, kwa kuwa alijua kwake yule binti hupekua.

Mwezi wa pili wa ulinzi wangu kondoo wakaanza kuzaa. Mtoto wa mbwa naye akaletwa, wa rangi ile ile ya nyasi, tumbo kubwa. Kondoo akipiga chafya anakimbilia chini ya kreti. Babu humlaza katikati ya kondoo ili azoee harufu yao, nao humkanyaga.

"Msomeshe," babu huniambia nikifika. "Wewe ndiye mkubwa wake."

Jumamosi moja kabla ya mtihani wa mwisho wa mdogo wangu walikuja wawili. Nilimwona wa kwanza upande wa nyaya, waziwazi, anatembea kama mtu anayetaka kuonekana. Nilingoja ageuke. Akageuka. Nikagonga bati nikamkimbilia, naye akarudi nyuma kidogo kidogo, hatua kumi, akasimama, hatua kumi tena. Nilikwisha fika mbali na zizi ndipo niliposikia kondoo wamekimbilia kona moja. Nilizungusha darubini. Wa pili alikuwa anaruka ukuta na kitu cheupe mdomoni, na weupe wa kile kitu ulikuwa bado mkali, bado wa moto. Nilikimbia mpaka uzio. Kupitia ule ufa wa kioo niliwaona wote wawili wanakwenda sambamba, wanapungua, wakawa nukta.

Asubuhi nilikaa kwenye kreti bila kuambiwa.

"Mkhulu, amekwenda mwana-kondoo mmoja."

"Wa nani?"

"Wa yule mwenye sikio lililochanika. Walikuja wawili. Mmoja alinivuta."

Alimwaga uji kwenye kikombe akanipa. Alikwenda zizini, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena, akarudi.

"Yule mbwa wangu walimvuta hivyo hivyo mwaka wake wa kwanza," akasema. "Alipoteza wawili."

Nilingoja aseme kama basi hesabu ya deni langu imepungua, au imeongezeka. Alichukua fimbo yake akafungua zizi. Mtoto wa mbwa aliwafuata kondoo hatua tatu, akakaa.

Mdogo wangu amemaliza mitihani, matokeo bado. Binti anahitaji sare ya mwaka mpya na bado sijapanda gari. Mbwa ana miezi mitano, amebweka mara moja, akajishtua mwenyewe. Nadaiwa mlinzi mmoja na mwana-kondoo mmoja. Babu hajamwambia Tannie kitu, nami sijamwuliza zimebaki zamu ngapi. Ijumaa hii naenda zizini.